Upepo Kwenye Breki za Nyuma

Kiti cha dereva kilikuwa kimesogezwa mbele.

Mtu mwingine asingeliona hilo, lakini Sindano ndiye aliyekishona kiti kile, kuanzia sponji mpaka uzi wa mwisho wa pembeni. Ndiyo kazi yake, kushona viti vya magari, na jina la Sindano alipewa na watu wa mtaa kwa sababu ya kazi hiyo, kwa sababu ya wembamba wake, na zaidi kwa sababu ya ulimi wake. Mwenye gari, Fundi, ana miguu mirefu. Siku zote kiti chake hukaa nyuma kabisa, mwisho wa reli. Leo kilikuwa mbele, karibu kibusu usukani. Aliyekaa hapo alikuwa mtu mfupi, na alikuwa amekaa kitambo, maana kitambaa kipya kilishaanza kubonyea upande wa mbele, pale anapoketi mtu anayejivuta ili mguu ufike.

Sindano alikuwa amebeba zulia la sakafuni alilokuja kulipima. Akaliweka chini taratibu.

"Fundi," aliita.

"Naam, mpenzi." Sauti ilitoka chini ya gari, upande wa nyuma.

"Nani alikaa kwenye kiti cha mbele?"

Spana iliyokuwa ikigongagonga kule chini ikanyamaza. Kisha ikaanza tena.

"Mimi. Jumatatu, nilipokuwa natoa upepo kwenye breki."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Wanawake wengi hapo wangeanza kupiga kelele. Sindano hakupiga. Alijibu "haya" kwa sauti tamu kuliko ilivyostahili, akapima zulia lake, akakunja futi kamba, akatoka. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yeye alikuwa na nia ya kuipima mwenyewe mpaka mwisho wake.

Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Mmoja hukaa ndani akikanyaga pedali, mwingine hulala chini akifungua skrubu ndogo ili mafuta yatoke pamoja na hewa iliyonasa humo. Mtu mmoja anaweza, kwa mpira na chupa, ila huo ni mtihani, na hata akiumudu hana sababu ya kuvuta kiti mbele na miguu kama ile. Breki za mbele za gari hilohilo walizitoa upepo wao wawili, yeye juu, Fundi chini, wakitaniana mpaka jua likazama. Za nyuma, kwa nini asimwite? Karakana yake na gereji ya Fundi vinatenganishwa na ukuta tu. Kweli, Jumatatu alikwenda kununua sponji, lakini alirudi kabla ya jioni. Ni kitu gani kilichomshinda Fundi kumsubiri?

Jambo lenyewe lisingemuuma hivyo kama gari lingekuwa gari tu. Fundi aliingia mji huu miaka ya karibuni na gari hilo kuukuu, la mviringo mbele na nyuma, ambalo watu hulicheka likipita kisha huligeukia kulitazama. Liliharibika hapa, akakodi uwanja mdogo alitengeneze aendelee na safari yake. Hakuendelea. Alimkuta Sindano akishona upande wa pili wa ukuta, na safari ikaishia hapo. Mama yake Sindano, mwanamke mfupi, mnene wa maneno, hakumkubali hata siku moja. Alisema mtu aliyekuja na gari ataondoka na gari.

Kisha ikaja siku ya mteremko. Fundi alimchukua Mama kumrudisha nyumbani kutoka kwa ndugu yake aishiye juu ya kilima. Wakati wa kushuka, dramu za breki za nyuma zikapata moto, pedali ikazama, na gari likakataa kusimama. Fundi alihangaika na gia na handibreki mpaka likajisitiri katikati ya bustani ya maua ya watu. Hakuna aliyeumia. Kilichojeruhiwa ni mdomo wa Mama tu, ambao tangu siku hiyo haujapumzika. "Asiyeweza kulisimamisha gari lake," alimwambia kila aliyetaka kusikia na asiyetaka, "ndiye atasimamisha nyumba?"

Sindano alicheka. Fundi hakucheka. Kesho yake alizing'oa dramu zote mbili akasema ataweka diski, ambazo hukaa wazi zikipigwa na hewa, kwa hiyo hazichoki kwenye mteremko. Akamshika mkono, mikono yake yote miwili ikiwa na grisi, akamwambia kwamba siku gari hili litakaposimama sawasawa, ataliendesha mpaka mlangoni kwa Mama, apose hapohapo mlangoni. Tangu hapo Sindano alikuwa akizisubiri breki kama wengine wanavyosubiri harusi. Lakini tangu Jumatatu Fundi amekuwa mtu wa "bado kidogo". Bado kidogo asubuhi, bado kidogo jioni. Macho yake hayatulii usoni kwake. Na sasa kiti.

Sindano alikaa kwenye cherehani akashona mstari ukaenda upande. Akaufumua. Akashona tena, ukaenda upande uleule. Akili yote ilikuwa kwenye duka la spea, kwa yule binti aliyeziagiza diski. Mfupi, mwenye vishimo mashavuni, anayecheka hata ukimuuliza bei ya bolti.

Alipotoka kuchota maji bombani alimkuta jirani yao wa upande wa pili, Muuza Matairi, mtu ambaye neno halilali kinywani mwake. Akamsalimu, akakohoa, akatazama kushoto na kulia.

"Mimi si mtu wa maneno, dada yangu," alianza, na Sindano akajua yanakuja mengi. "Lakini wewe nakuheshimu. Jumatatu, ulipokwenda mjini, kule kwa mwenzio kulikuwa na mwanamke."

"Ulimwona?"

"Sikumwona uso, alijifunika mtandio. Ila ukuta wangu mwembamba. Nilimsikia Fundi anasema, shikilia hapo hapo, usiachie. Kisha, haya, achia taratibu. Mwanamke anahema. Nikaongeza sauti ya redio, mimi nina heshima zangu."

Kwa muda mfupi Sindano alitaka kucheka, maana maneno hayo alishaambiwa yeye mwenyewe, na hayahusu lolote zaidi ya mafuta ya breki. Fundi alikuwa anatoa upepo na mtu. Hilo sasa halina ubishi.

"Kwa hiyo ukaongeza redio. Basi."

"Ningependa iwe basi. Nilipoipunguza, nikasikia mtu analia. Yule mwanamke. Kile kilio cha kujibana, unakijua. Akatoka kwa mlango wa nyuma."

Sindano alimshukuru, akasahau ndoo yake bombani. Hakuna mtu anayelilia breki. Mwanamke humlilia mwanamume kwa sababu mbili tatu tu, na zote alizipitia kichwani kabla hajafika getini kwa Fundi.

Hakumuuliza kitu. Alifungua mlango wa gari akaingia, akakaa kwenye kiti kile bila kukirudisha nyuma, magoti yakagusa usukani. Alitaka kukaa pale alipokaa huyo mwenzake.

"Tutoe upepo," alisema.

Fundi alichomoza kichwa kutoka chini. Alikuwa na doa la grisi kwenye nyusi, na siku nyingine Sindano angelifuta kwa kidole. "Leo? Acha leo, mpenzi. Kesho."

"Diski ziko mahali pake. Kila kitu kimefungwa. Kesho ina nini ambacho leo haina?"

Wakatazamana. Yalikuwa macho ya mtu anayempenda, angeweza kuapa, na ndiyo yaliyomtia wasiwasi zaidi, kwa sababu yalikuwa pia macho ya mtu anayetaka kusamehewa. Fundi alirudi chini. Akasikika akichomeka mpira kwenye skrubu.

"Kanyaga."

Sindano alikanyaga, mara kadhaa. Pedali ilikuwa laini kama sponji, ikizama bila kukuta kitu.

"Shikilia."

"Nimeshikilia. Umefungua skrubu?"

"Iko wazi."

"Basi nisikilize. Nikiinua mguu sasa hivi, upepo utavutwa ndani tena, na kazi yote itaanza upya. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Nani alikaa hapa Jumatatu? Nijibu, la sivyo naachia."

Alitegemea Fundi ataruka. Anamjua: ni mtu ambaye hulala njaa kuliko kurudia kazi iliyokwisha. Lakini Fundi akasema kwa sauti ndogo, "Achia tu."

Sindano hakuachia. Alibaki amekanyaga. Fundi gani huyu, anayeombewa kazi yake iharibike, akasema amina?

"Funga skrubu," alisema. Aliposikia imefungwa, alitoka garini akazunguka nyuma. Magurudumu yalikuwa yametolewa, gari limekaa juu ya stendi, na diski mpya iling'aa. Juu yake ilikaa kalipa, kile chuma kinachoibana diski pedali ikikanyagwa. Alichuchumaa akaitazama. Siku ile ya breki za mbele alikuwa amemuuliza Fundi maswali ya kila aina, mengi ya kumchokoza tu, na jibu moja lilimkaa kichwani: skrubu ya kutolea upepo lazima itazame juu, kwa sababu hewa hupanda. Hii ilitazama chini. Akaenda upande wa pili. Nayo chini.

"Ya kushoto umeifunga kulia," alisema. "Na ya kulia kushoto. Upepo umekaa juu, skrubu iko chini. Tunaweza kukanyaga mpaka mwaka uishe, hautatoka."

Fundi alikuwa ameketi chini, akijifutafuta mikono kwa kitambaa ambacho chenyewe kilikuwa kichafu kuliko mikono. "Najua."

"Unajua?"

"Najua tangu Jumanne asubuhi."

"Na umeziacha."

"Nimeziacha."

Hapo ndipo hasira ilipompata Sindano, na ilimpata na machozi yake. Akampa za uso. Alimwambia kwamba sasa ameelewa: gari likiisha itabidi aende kwa Mama, naye hataki kwenda, ndiyo maana halitaisha. Kama ameshapata mwingine aseme, asimfungie mtu breki kinyume. Na kama ni yule wa duka la spea, amwambie tu huyo binti ajifunze kulia kwa sauti ya chini, majirani wana masikio.

"Binti wa duka la spea?" Fundi alimtazama kana kwamba amemtajia mtu wa nchi nyingine. "Sindano. Ni mama yako."

Sindano aliketi chini palepale.

"Alikuja kuniambia nikuache," Fundi alisema. "Nilikuwa chini, ndiyo kwanza nimeshika kalipa ya kwanza. Nikasikia mtu anapiga hodi, nikamwamkia, nikadhani amekuja kuziona breki. Hapa hakuna kiti, akakaa garini. Akaanza. Mimi nilipotewa na akili, Sindano. Nikazifunga zote mbili hata sioni ninachofunga, na nilipomaliza sikujua niseme nini, nikamwambia, mama, samahani, nikanyagie hiyo pedali."

"Ukamwambia mama yangu akanyage pedali?"

"Akakanyaga. Ananigombeza huku anakanyaga."

Mambo mengine, hata katikati ya ghadhabu, humtekenya mtu. Sindano alikaza uso.

Fundi akaendelea, akiangalia chini. Mama alimweleza habari ambazo Sindano alizijua na ambazo hakuzijua. Kwamba baba yake Sindano naye alikuja mji huu na lori bovu, akalitengeneza, akaoa, na siku moja lori likawa zima, akaondoka nalo. Kwamba Sindano, mtoto mdogo, alikuwa akikaa dirishani kila lilipopita lori. Kwamba yeye Mama ameshamfuta mtoto huyu machozi ya mwanamume mmoja, na ya wa pili hana nguvu nayo. Hapo ndipo alipolia. Akamuuliza Fundi, mguu ukiwa bado kwenye pedali, kama atamwachia mwanawe.

"Ukamjibu nini?"

Fundi aligeuzageuza spana mkononi, na Sindano akapata jibu, ila alitaka alisikie kwa masikio yake.

"Nilimwambia ndiyo, mama. Gari likiisha, nitaondoka."

Heri angekuwa binti wa duka la spea. Hilo ndilo alilowaza Sindano, waziwazi kabisa. Mwanamke mwingine unaweza kumchukia, ukapona. Lakini huyu hakuibiwa na mtu. Alijitoa mwenyewe, kwa adabu, akiwa amelala chali na spana mkononi.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Mtu mzima analia mbele yangu. Nilivyolelewa mimi, mzazi akilia habishiwi. Neno lilinitoka kabla sijalifikiria. Na likishatoka mbele ya mkubwa, utalirudishaje?" Alivuta pumzi. "Jumanne nikaziona kalipa. Nikashika spana nizibadilishe, mkono ukakataa. Nikasema, maadamu gari halijaisha, sijavunja ahadi ya mama, na sijaondoka kwako."

"Kwa hiyo ulitaka tukae hivi. Breki haziishi, na sisi hatuishi."

"Sikuwa na akili nyingine."

"Na mimi siku zote hizi nashona zulia. Zulia la gari la kuniondokea."

Fundi alifumba macho. Sindano alijifuta uso kwa ncha ya gauni, akasimama.

"Badilisha," alisema.

"Sindano, nisikilize..."

"Nimekusikiliza ya kutosha. Badilisha kalipa, sasa hivi. Gari liishe."

Fundi akaelewa vile mtu yeyote angeelewa, kwamba anafukuzwa. Hakujitetea. Alifungua bolti moja baada ya nyingine, akahamisha ya kushoto kushoto na ya kulia kulia, mafuta ya breki yakimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Sindano alirudi kwenye kiti kile cha mbele. Kwa saa nzima hawakusemeshana zaidi ya kanyaga, shikilia, achia. Kila alipokanyaga, pedali ilipanda kidogo na kuwa ngumu kidogo, na kila ilipokuwa ngumu, alikumbuka kwamba alikuwa anamalizia kwa mguu wake mwenyewe kitu ambacho kingemchukua mpenzi wake. Mwishowe pedali ikasimama juu, imara, kama mtu anakanyaga jiwe. Fundi akarudisha magurudumu, akashusha gari chini.

"Limeisha," alisema, akisimama mbali naye kidogo.

Sindano alihamia kiti cha abiria. "Twende."

"Wapi?"

"Kwa Mama. Ulimwahidi kwamba likiisha utaondoka. Huwezi kumtoroka mtu mzima. Kamwambie limeisha, na umuage."

Kwenye njia panda Fundi alijaribu breki, na gari likasimama papo hapo, sawasawa, bila kuyumba upande wowote. Siku nyingine wangepiga vigelegele. Sindano alitazama dirishani. Hakuwa na mpango wowote, jamani, na wanaodhani alikuwa nao wanampa sifa ya bure. Alijua kitu kimoja: kwamba huyu mtu atasimama mbele ya Mama mara ya pili, yeye akiwepo, na kama atasema ndiyo tena, ataingia ndani afunge mlango, na hatamfungulia hata akija na magari kumi.

Mama alikuwa mlangoni kwake ameketi, anakunja nguo zilizokauka. Aliliona gari likija, akaliona likisimama vizuri mbele ya ngazi. Hakuinuka. Fundi akashuka, akaamkia. Mama akaitikia akiendelea kukunja shuka.

"Limeisha?" aliuliza.

"Limeisha, mama."

"Kwa hiyo umekuja kuaga."

Sindano alisimama kando ya mlango wa gari, ameukamata mpini wake mpaka vidole vikamuuma. Alijikaza asiseme. Ulimi wote ule ambao mtaa mzima unauogopa aliumeza.

Jasho lilimtoka Fundi. Alimtazama Sindano mara moja, kwa macho ya mtu anayeomba asaidiwe, na Sindano hakumsaidia.

"Hapana, mama," alisema hatimaye. "Siagi. Siku ile nilikwambia ndiyo. Nilikosa adabu nikadhani ndiyo adabu. Nimekuja kulichukua neno langu. Siondoki."

Shuka likasimama mikononi mwa Mama. Alimwangalia kijana huyo toka viatu mpaka nyusi zenye grisi, kwa muda mrefu, kwa macho yaleyale ya kutomwamini hata kidogo.

"Unajua nilichokuja kufanya Jumatatu?" alisema. "Nilikuja kugombana. Nilijiandaa njia nzima. Utasema hili, nitakujibu lile. Nilidhani tutakesha. Wewe hata hukubisha. Ndiyo mama, basi, kwisha habari." Aliikaza sauti. "Unafikiri nilirudi nyumbani nalia tena kwa sababu gani, mimi? Nilisema, kumbe mwanangu anaachika kirahisi namna hii."

Fundi aliinamisha kichwa.

"Sasa nasema tena," Mama akaendelea, akilitupa shuka kwenye kapu. "Sikutaki. Huna kwenu hapa, huna ndugu tunaowajua, una gari la makumbusho. Mwanangu sikupi. Bisha."

"Mama?"

"Bisha, nakusikiliza."

Na Fundi akabisha. Alibisha vibaya, kwa kigugumizi, akianzia mwisho na kurudi mwanzo. Alitaja ndugu zake mmoja mmoja na mahali wanapopatikana. Mama akasema hawajui. Akasema atawaleta. Mama akasema watu huleta ndugu wa kukodi. Akasema gari ataliuza ikibidi, aende kwa miguu maisha yake yote. Mama akasema wenye miguu ndio wanaoondoka haraka zaidi. Fundi akafuta jasho, akameza mate, akaanza tena upya, na safari hii sauti ilikuwa imepanda kidogo, kiasi kwamba jirani mmoja alichungulia. Sindano alikuwa analia waziwazi sasa, wala hakujificha.

Mama akachukua nguo nyingine, akaikung'uta.

"Mletee kiti," alimwambia bintiye bila kumtazama. "Huyu hatamaliza leo."